Bendeji Mbili za Mguu Mmoja

Upande wetu wa bara, huko Changamwe, mtu mwenye kidonda kidogo alikuwa mtu wa heshima. Hospitali mbili zilimgombania. Mwenye kidonda kikubwa alikuwa na taabu yake na Mungu wake. Nayaandika haya nikijua kwamba mimi si mtu wa kusoma sana, niliishia darasa la nne kwa wamisheni, na mambo ya tiba siyajui; huenda kuna sababu zilizonipita. Lakini mguu uliogombaniwa ulikuwa wa mama yangu na mimi nilikuwapo. Nitasema nilichokiona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Vita vya wazungu vilikuwa vimekwisha na bandari ilijaa kazi. Mimi nilikuwa hamali Kilindini. Mama aliuza mihogo kando ya barabara, ya kuchoma asubuhi kwa watu wanaokwenda kazini, na ya nazi jioni kwa wale wanaorudi. Sisi asili yetu ni huko nyuma, upande wa Rabai, Wakristo tangu babu, lakini mama alikuwa amekaa Changamwe miaka mingi hata barabara ile ilikuwa kama ya kwake. Hapiti mtu bila kumwamkia. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililofanya mguu wake uwe na thamani.

Hospitali zenyewe nazitaja kwa jina hilo kwa kuwa wenyewe walipenda zitajwe hivyo. Ya kwanza ilikuwa ya misheni, juu kilimani, nyumba ya mabati iliyopakwa chokaa, chini ya Bibi mmoja Mzungu, mrefu, mikono ya nguo imekunjwa saa zote, aliyesema Kiswahili cha kitabuni kama mtu anayehesabu maneno yasipotee. Ya pili ilikuwa ya serikali, huku chini karibu na reli, mikononi mwa dresa mmoja, yaani msaidizi wa daktari wa kufunga vidonda, mtu wa mwambao, kijana nadhifu, koti jeupe lililopigwa pasi, na maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni. Kutoka moja hadi nyingine ulikuwa ni mwendo wa mtu kumaliza kutafuna muhogo mmoja.

Kwa haki niseme kwamba mwanzoni zote mbili zilikuwa na manufaa. Bibi alikuwa na maji ya moto na vitambaa safi, na hakuona uchafu kuinama mwenyewe akaosha mguu wa mtu. Dresa alikuwa na dawa za serikali ambazo misheni haikuwa nazo, na kwake hukuulizwa kama umebatizwa au ulikwenda kwa mganga juzi. Mtu alichagua kwa tabia yake. Mwenye kupenda kuombewa alipanda kilima, mwenye haraka alishuka kwenye reli.

Kisha ikaja habari ya wodi. Mudiri, mkubwa wa serikali wa upande wetu, alisema barazani kwamba serikali itajenga wodi ya mawe, yenye vitanda, huku kwetu, ili wagonjwa wasivuke tena kwenda kisiwani. Ila itajengwa moja tu, na itajengwa kwenye ile hospitali yenye wagonjwa wengi. Sidhani mudiri alikusudia ubaya. Lakini tangu siku ile wale wawili walianza kuhesabu vichwa vyetu kama mwenye mbuzi jioni.

Dresa ndiye aliyeanza, au labda ni Bibi, siwezi kuapa. Ninachokumbuka ni kwamba sindano, ambayo zamani ilikuwa ya wagonjwa wa buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi, ikawa ya kila mtu. Ukienda na kichwa unachomwa, ukienda na jino unachomwa. Watu wa kwetu wanapenda sindano. Wanasema dawa isiyouma haijaingia. Hivyo reli ikajaa. Ndani ya sindano zile mlikuwa na nini, sijui. Kuna waliosema ni maji matupu. Mimi nilichomwa moja kwa ajili ya kikohozi na kikohozi kikabaki, lakini hilo si ushahidi, kwa maana kikohozi changu kilikuwa cha vumbi la saruji.

Juu kilimani wakajibu kwa chai. Chai ya maziwa, baada ya maombi, kwa kila aliyefika. Dresa akajibu kwa dawa za rangi, nyekundu, kijani na manjano, kwenye chupa zilizopangwa dirishani ambapo jua linazipiga, na watu wakawa wanachagua. Nilimsikia kwa masikio yangu mzee mmoja akimwambia, "Mimi nipe hii ya kijani, nyekundu alipewa mke wangu na mimi sitaki tufanane." Akapewa. Misheni wakaleta kengele. Serikali wakaongeza bendera. Kukawa na mtu wa dresa anayesimama njia panda akiita, "Huku hakuna maombi, huku hakuna kungoja," na upande wa pili akina mama wa kanisa wakipita majumbani kutuuliza kama kuna yeyote ambaye hajisikii vizuri, walau kidogo.

Sisi nasi hatukuwa malaika. Tulipoona tunatakiwa, tukajitia kutakika. Mtu mwenye upele kidoleni alikunywa chai kilimani asubuhi na kuchomwa sindano kwenye reli mchana, akarudi nyumbani amechoka kama mtu aliyetoka kazini.

Ila palikuwa na tatizo moja, na hapo ndipo ilipozaliwa ile desturi yetu ya bendeji. Bibi alikuwa akifunga kidonda kwa kitambaa cheupe kipana, na fundo lake la pekee, limelala ubavuni kama sikio la sungura. Dresa yeye alipaka dawa ya zambarau, ile isiyotoka nguoni wala mwilini, kisha akafunga kwa kitambaa chembamba kinachozunguka mara nyingi. Ukifika kwa Bibi na zambarau, uso wake ulikunjika. Alichukua brashi na sabuni na kusugua mpaka rangi itoke, na rangi ile haitoki peke yake, hutoka na nyama. Ukifika kwa dresa na sikio la sungura, alilikata kwa mkasi bila kulifungua, akalishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, na kuuliza wote waliokaa, "Nani aliyemfunga huyu, fundi wa magunia?" Watu wakacheka, na mgonjwa akaona haya kana kwamba yeye ndiye aliyefunga.

Basi watu wakatafuta njia ya kuwaridhisha wote wawili. Katikati ya njia palikuwa na mkahawa wa Mwarabu mmoja mzee, Mshihiri, na nyuma yake palikuwa na benchi na ukuta. Pale ndipo watu walipobadilishia bendeji. Ukitoka kilimani unaifungua ya Bibi, unaikunja, unaitia kikapuni, unaitoa ya dresa uliyoifungua juzi, unaizungushia, unakwenda zako. Kurudi, vilevile. Kila mwenye kidonda alikuwa na bendeji mbili. Zilianikwa kwenye ukuta wa Mshihiri kama samaki, na nzi wakajua njia. Wengine waliazimana. Mshihiri alilalamika lakini hakutufukuza, kwa sababu mtu akishajifunga hunywa kahawa.

"Wallahi," alikuwa akisema, "mimi nimekuwa hospitali ya tatu, na ndiyo pekee isiyogombana na mtu."

Mama aliumia akipasua kuni. Zilikuwa mbao za masanduku ya bandarini nilizomletea mimi, na msumari mmoja ulimkwaruza juu ya kifundo cha mguu. Kitu kidogo sana. Alitia majivu akaendelea na mihogo yake. Lakini wale akina mama wa kanisa walikiona, na yule mwitaji wa njia panda naye akakiona, na kabla ya jioni alikuwa ameitwa na pande zote mbili.

Walimtaka mama kuliko mtu yeyote. Nilidhani ni kwa mapenzi, na labda mapenzi yalikuwamo. Lakini mama alikaa barabarani tangu alfajiri hadi jua kuzama, mguu umenyooshwa pembeni ya jiko, na kila mtu aliyepita aliiona bendeji yake. Bibi alimfunga kwa kitambaa kipya kabisa, fundo kubwa kuliko la mtu mwingine yeyote. Dresa alimpaka zambarau mpaka karibu na goti, wakati mkwaruzo ulikuwa mfupi kama kidole.

"Mbona umepaka mpaka huku juu, mwanangu?" mama akamuuliza.

"Ili dawa ipate nafasi, mama."

"Nafasi ya kufanya nini? Kuonekana?"

Dresa alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, hilo siwezi kumnyima.

Mama hakuweza kumkatalia mtu. Bibi alikuwa amembatiza mdogo wangu aliyefariki siku ileile ya kubatizwa, na jambo hilo halisahauliki. Dresa naye alikuwa mteja wa mihogo kila asubuhi, na alimwamkia shikamoo kwa heshima zote. Basi akaenda kwa wote wawili, na katikati akabadilisha bendeji nyuma ya mkahawa kama wenzake. Kule anasuguliwa, huku anapakwa. Kule anaoshwa kile kilichowekwa huku, huku anaondolewa kile kilichowekwa kule. Kidonda hakikupata siku hata moja ya kukaa peke yake kipone.

Kilipanuka polepole. Kwanza kikawa kama jicho la mtoto, kisha kama kiganja. Kingo zake zikawa ngumu na nyeusi, na harufu ikaanza, harufu ambayo mama aliifunika kwa kukaa karibu na moshi. Wateja wakapungua, ingawa walimwamkia vilevile, kwa mbali. Majirani wakalitaja jina lake kwa sauti ya chini: donda ndugu. Hilo likimshika mtu huula mguu mpaka mfupani, na baadaye hubaki kuchagua kati ya mguu na roho.

Na hapa ndipo nilipowaelewa, kama niliwaelewa. Mguu ule uliokuwa ukitakiwa na wote, sasa haukutakiwa na yeyote. Mwenye kidonda kidogo anapona, na akipona ni sifa. Mwenye kidonda kikubwa anakula muda wa watu kumi, anatoa harufu mbele ya wageni, na akifa amefia kwako. Nilipompeleka kwenye reli, dresa hata hakuikata bendeji. Aliinama, akaitazama kwa mbali, akainuka.

"Hili ni fundo la nani?"

"La Bibi," nikasema. "Lakini ya kwako iko kikapuni."

"Waliomfunga ndio wamfungue. Mimi sifungui kazi ya mtu."

"Jana ulikuwa ukifungua."

"Jana kilikuwa kidonda, ndugu yangu. Hili sasa ni kesi."

Nikamsukuma mama kwenye mkokoteni nilioazima kwa mahamali wenzangu mpaka kilimani. Bibi alitoka barazani. Alimpa mama mkono, akamuuliza habari za nyumbani, yote kwa utaratibu. Kisha akakiona kipande cha zambarau karibu na goti.

"Mama," akasema, "wewe ulichagua mahali pengine. Mimi nilikwambia. Sasa rangi hii imeharibu kazi yangu yote. Lazima yule aliyeharibu atengeneze."

"Bibi," mama akasema, "mimi sikuja na rangi, nimekuja na mguu."

Nilimwona Bibi akiutazama mguu, na kwa haki niseme uso wake ulibadilika. Nadhani alitaka kumwingiza. Lakini nyuma yake wodi ile ya mawe ilikuwa imeshasimama akilini mwake, na vitanda vyake vyote vimetandikwa, na katika vitanda vile hapakuwa na maiti. Huenda namsingizia. Alitupa chai, akasema atatuombea.

Nikauliza kama anaweza kutuandikia barua ya kwenda hospitali kuu ya kisiwani, maana bila barua ya mmoja wao kule hawakukupokea. Akasema mgonjwa huyu si wa kwake, hawezi kumwandikia mgonjwa wa mwenzake. Nikarudi kwa dresa kuomba barua hiyohiyo. Dresa akanieleza kwa upole kwamba kumpeleka mtu kisiwani ni kusema tumeshindwa, na mwaka ule hakuna aliyekuwa tayari kusema ameshindwa. Hayo aliyasema waziwazi, kama mtu anayekueleza saa za treni. Sijui ninaogopa nini zaidi, mtu anayeficha ubaya au mtu ambaye haoni kwamba kuna cha kuficha.

Wiki ile mama alikuwa na homa. Alikuwa akilala kwenye kitanda cha kamba uani, mguu juu ya gunia, na kusema kwa kilugha cha kwao kwa watu ambao hawakuwapo. Mimi nilikaa nikifukuza nzi. Nilikuwa nikifikiri mambo mengi ya ujasiri nitakayowaambia wale wawili, na sikuwaambia hata moja. Siku hizo niliandika daftarini mstari mmoja tu, kwamba donda linapanda kuelekea goti, na mstari huo nikaufuta kwa kuogopa kuuandika.

Kisha homa ikashuka, na habari ikaja kwamba Daktari Mkuu kutoka kisiwani atapita kuzikagua hospitali zote mbili na kuamua juu ya wodi. Barabara ikafagiwa. Kilimani walipaka chokaa upya hata mawe ya njiani. Kwenye reli wagonjwa waliambiwa waje wameoga, na wale waliopona waliombwa waje pia, kwa ajili ya wingi. Niliwaona watu wazima wenye afya yao wakifungwa bendeji kwenye mikono isiyokuwa na kitu. Jirani yangu mmoja alifungwa kichwa. Nilimuuliza ana nini, akasema, "Nina mwaliko."

Asubuhi ya siku hiyo mama aliniita.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Mkokoteni wa wenzako uko wapi?"

"Uko hapa nje. Wataka kwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Nipeleke kwa Mshihiri."

Nilidhani homa imerudi. Akanitazama kwa yale macho aliyokuwa akinitazamia utotoni nilipokataa mihogo ya jana, nikautoa mkokoteni.

Alikaa kwenye benchi, si lile la nyuma, la mbele, lililo barabarani. Alifungua bendeji iliyo mguuni, akatoa na ile ya kikapuni, akazikunja na kuziweka mapajani, akaunyoosha mguu juani. Mshihiri alitoka na birika, akauona, akarudi ndani, akatoka tena na kiti chake mwenyewe ili auwekee mguu.

"Dada yangu," akasema, "utanifukuzia wateja."

"Na waondoke wale wa kahawa, wale ninaowangoja hawanywi."

"Na wakija?"

"Wakija nitawauliza mimi ni wa nani. Kwa watu nimesikia si wa huku wala si wa kule, na mtu hawezi kuoza bila mwenyewe."

Watu wakakusanyika. Nilitaka kumfunika, na nakiri sikujua ni kwa ajili ya nzi au kwa ajili ya haya. Akanisukuma mkono. Habari ilipanda kilimani na kushuka kwenye reli kwa kasi ya mtu mmoja, yule mwitaji wa njia panda, ambaye mara hii aliwaita pande zote.

Dresa alifika wa kwanza, anakimbia, koti linapepea, mkononi ana kitambaa na chupa ya zambarau. Bibi alifika nyuma yake kidogo, hakukimbia lakini alitembea kama anayekimbia, na akina mama wawili wa kanisa na machela. Dresa akapiga goti upande wa kushoto, Bibi akainama upande wa kulia.

"Mama, umefanya nini?" dresa akasema. "Mbona hukuja kwangu?"

"Nilikuja. Ukasema mimi kesi."

"Huyu ni mshirika wa kanisa letu," Bibi akasema, akimwelekea dresa kwa mara ya kwanza niliyowahi kuona. "Tunamchukua."

"Mgonjwa wangu huyu, Memsahibu. Tazama rangi."

"Rangi hiyo ndiyo iliyomfanya hivi."

"Na brashi yako je?"

Mshihiri akamwaga kahawa kwenye kikombe na kunipa mimi. "Kunywa," akasema. "Hawa watachukua muda."

Hatukusikia gari. Lilikuwa limesimama kwa sababu watu walijaa barabarani, na Daktari Mkuu alikuwa ameteremka, mzungu mnene mwenye kofia ya jua mkononi, anajifuta shingo. Alipenya, akautazama mguu kwa muda mrefu. Aliugusa pembezoni kwa kidole. Kisha akauliza kwa Kiswahili chao kile cha kuamrisha:

"Hii mgonjwa ya nani?"

"Wangu," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Hakuna aliyecheka ila mama. Alicheka taratibu, kwa ule ubavu uliobaki na nguvu. "Juzi nilikuwa yatima," akasema. "Leo nina wazazi wawili."

Sijui Daktari Mkuu alielewa kiasi gani. Kuna waliosema alielewa yote na alifanya kwa akili. Mimi naona alikuwa na joto na hakupenda kusimama. Alisema kama ni mgonjwa wa wote wawili basi wote wawili wamtibu, mahali pamoja, na yeye atakuja tena kuuona mguu huo kwanza kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Akapanda gari, akarudi alikotoka. Wale wazima waliofungwa bendeji walikaa wakimngoja mpaka mchana.

Mama akapelekwa kilimani kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kitanda na maji ya moto. Dresa alipanda kila asubuhi na unga mweupe wa dawa uliokuwa umetengwa kwa ajili ya askari wakati wa vita, ambao misheni hawakuwa nao, na mkasi mdogo wa kukatia nyama iliyokufa. Walifanya kazi juu ya mguu mmoja bila kusemezana. Maneno yao yalipita kwa mama.

"Mwambie bwana huyo maji bado ya moto mno."

"Bwana, maji bado ya moto mno."

"Mwambie Bibi nimesikia."

"Amesikia, Bibi."

"Mwambie asipake rangi."

"Hajaipaka, Bibi, chupa hata hakuja nayo."

Nilimuuliza mama kama inamuumiza wanapokata. Akasema inauma, lakini kazi ya kuwatafsiria inamsahaulisha.

Na mguu ukapona. Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu nimewadharau watu hawa kurasa zote hizi na bado nawadharau: walijua kazi yao. Bibi alijua kuosha na dresa alijua kukata, na vitu viwili hivyo vilipokutana, donda lililokuwa likila juu likasimama, likawa jekundu, likaanza kufunga kutoka kingoni. Ujuzi ule walikuwa nao siku zote, mmoja juu ya kilima na mmoja chini yake. Mama alibaki na kovu linalong'aa na kifundo kisichokunjika vizuri. Alichechemea, lakini alichechemea kwa miguu miwili.

Daktari Mkuu alirudi akauona mguu, na wodi ikajengwa kwenye reli; kwa nini kule, hakutuambia mtu. Misheni wakabaki na akina mama wazazi na watoto wachanga, na Bibi baada ya muda alikwenda kwao likizo na hakurudi. Nilidhani sasa fujo zimekwisha, tutatibiwa kwa utulivu. Lakini mtu aliyekosa mshindani naye ana vituko vyake. Dresa akawa anafungua akipenda. Shikamoo ikapotea. Ukifika saa ya chakula uliambiwa urudi kesho, na chupa za rangi ziliondolewa dirishani kwa kuwa hapakuwa na haja ya kumvutia mtu. Kwa hivyo sijui niseme nini. Walipogombana walituumiza kwa kutupenda, na alipobaki mmoja alituumiza kwa kutotuhitaji. Mwenye kusoma kuliko mimi labda anajua namna ya tatu. Mimi niliiona kwa wiki chache tu, juu ya kitanda kimoja, na ilikuja kwa kulazimishwa.

Mguu wa mama uliendelea kuwa na wenyewe wengi. Kabla ya Bibi kuondoka, wageni wa kizungu waliletwa kuupiga picha, wakaambiwa ni kazi ya misheni. Dresa naye alimwambia kila aliyeingia na kidonda, "Unamjua mama wa mihogo? Kazi yangu ile." Mama hakumkanusha mtu. Alirudi barabarani na jiko lake, na watu wakarudi kumwamkia kwa karibu.

Zile bendeji mbili alizichemsha kwa magadi, akazishona pamoja, akazifanya kitambaa cha kuepulia sufuria ya mihogo ya nazi. Jioni moja nilikuwa nimekaa naye, dresa akapita akirudi kwake, akasimama kununua. Akakiona kitambaa, na rangi ya zambarau bado imo upande mmoja ingawa imefifia.

"Mama," akasema, na kile kicheko chake kizuri, "hiyo ni ya kwetu au ya kwao?"

Mama akaepua sufuria, akaiweka chini, akafunua.

"Ya sufuria, mwanangu. Nikutilie na tui?"